Sura ya Sita: Seva Iliyo Mbali na Fundi

Mungaa ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, nchi ya Wanyaturu, ya alizeti, mtama na uwele, yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Wilaya yenyewe ni changa: ilimegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012. Watu wengi wa mbali wanaijua sehemu hii kwa sababu ya Hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa na masista wa Medical Missionaries of Mary mwaka 1954, zama ambazo rekodi ya mgonjwa ilikuwa kadi ya karatasi iliyofungiwa kabatini. Siku hizi, katika vituo vingi vya afya nchini, rekodi hiyo imo ndani ya kompyuta. Mapokezi wanamwandikisha mgonjwa kwenye skrini, daktari anaagiza vipimo, maabara inarudisha majibu, dirisha la malipo linatoa namba ya kulipia. Mfumo wa serikali wa GoTHOMIS umezipeleka kazi hizo kwenye hospitali na vituo vya halmashauri, na hospitali za mashirika ya dini zina mifumo yake. Yote hayo yanategemea seva.

Sura hii inahusu siku moja katika maisha ya seva kama hiyo, siku ya kusasisha kerneli. Nimeipeleka Mungaa kwa makusudi. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu ambao seva zao zipo chumba cha pili. Mambo yakiharibika wanainuka, wanachomeka skrini na kibodi, wanaendelea. Ndivyo ilivyo pia kwenye kituo cha taifa cha kuhifadhi data pale Kijitonyama, Dar es Salaam. Lakini fundi anayesimamia seva ya kituo cha afya kijijini mara nyingi yuko Singida mjini, Dodoma au mbali zaidi. Seva imo kwenye chumba kidogo kilichokuwa stoo, feni zake zinavuta vumbi kiangazi chote, na mtu aliye karibu nayo kuliko wote ni karani wa mapokezi. Nitatumia kituo cha mfano, lakini hitilafu nitakazozieleza ni za kweli na hutokea kila mahali penye seva za aina hii.

Seva yetu ya mfano ni mashine moja ya chuma inayoendesha mashine pepe nne: moja ya mfumo wa wagonjwa, moja ya hifadhidata, moja ya mafaili ya ofisi, na moja inayofanya kazi ya ruta na kugawa anwani za mtandao kwa kituo kizima. Mashine ya chuma huitwa mwenyeji, na hizo nne huitwa wageni. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, na kerneli ya mwenyeji ndiyo inayowagawia wageni wote prosesa, kumbukumbu na diski. Ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na mita moja ya LUKU: mpangaji akiunguza balbu yake analala gizani peke yake, lakini mita ikizima, nyumba nzima imezima. Kwa hiyo kusasisha kerneli ya mgeni mmoja ni kazi ya dakika chache isiyomshtua mtu, ilhali kusasisha kerneli ya mwenyeji kunahitaji maandalizi, ruhusa na saa iliyochaguliwa.

Uwezo wa Linux kuwa mwenyeji uliingizwa ndani ya kerneli yenyewe kwa jina la KVM, katika toleo la 2.6.20 la Februari 2007. Kazi hiyo ilianzishwa na Avi Kivity katika kampuni ya Qumranet. Mwaka uliofuata kampuni moja ya Vienna, Austria, ilitoa Proxmox VE, mfumo unaomwezesha fundi kuzisimamia mashine pepe za KVM kupitia kivinjari bila kulipia leseni. Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware mnamo Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu, ofisi nyingi ndogo duniani zilianza kuhamia huko. Nayataja haya kwa sababu yana matokeo ya moja kwa moja kwa fundi. Mwenyeji wa Proxmox ni Debian yenye kerneli yake, na kila wiki chache kerneli mpya hujitokeza kwenye orodha ya visasisho. Mtu aliyezoea kifaa kisichoguswa kwa miaka anajikuta na mfumo unaomwambia kila mara kwamba kuna jipya.

Basi kwa nini tusiache tu? Swali hili nimelisikia sana kutoka kwa mafundi wa mikoani, na linatokana na uchungu wa kweli: seva inafanya kazi, wagonjwa wanahudumiwa, na kila anayeigusa anajua kwamba ikizima lawama ni zake. Lakini Januari 2018 ulimwengu uliambiwa juu ya Meltdown na Spectre, kasoro za prosesa zilizoruhusu programu kusoma kumbukumbu isiyo yake. Agosti mwaka huohuo ikafuata L1TF, ambayo kwenye prosesa za Intel ilimpa mgeni njia ya kuchungulia data za mwenyeji na za wageni wenzake. Prosesa huwezi kuing'oa kwenye kila seva, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinga ililetwa ndani ya kerneli. Mwenyeji asiyesasishwa tangu wakati ule anaendesha rekodi za wagonjwa juu ya ukuta wenye tundu linalojulikana. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika Tanzania, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozihesabu kuwa nyeti. Majibu ya maabara ya mama wa Mungaa yana haki ya ulinzi uleule wanaopewa wateja wa benki mjini. Kusema "usiguse" ni kumnyima haki hiyo.

Hata hivyo hofu ya mafundi ina msingi. Kerneli 4.4.0-108, ambayo Ubuntu 16.04 ilitoa Januari 2018 kwa ajili ya Meltdown, ilishindwa kuwaka kwenye baadhi ya mashine, na toleo la 109 likafuata haraka kuirekebisha. Debian 12.3 ilipangwa kutoka Jumamosi tarehe 9 Desemba 2023. Ikasimamishwa siku hiyohiyo kwa sababu kerneli iliyokuwamo, 6.1.64, ingeweza kuharibu data kwenye diski za mfumo wa ext4. Kesho yake wakatoa 12.4. Aliyekuwa na mtindo wa kungoja wiki moja kabla ya kusasisha hakupata habari ya mkasa huo ila kwa kuisoma. Mimi nashauri hivyo: sasisho la kawaida lingoje wiki moja au mbili, na lile linaloziba tundu ambalo tayari wahalifu wanalitumia lisilale.

Kuisakinisha kerneli mpya si kazi, amri mbili tatu zinatosha. Fundi apimwe kwa njia ya kurudi aliyoiacha wazi kabla ya kuwasha upya, na kwa seva iliyo Mungaa njia hiyo lazima ifanye kazi bila yeye kuwepo.

Aanze na nakala rudufu za wageni wote, kwenye diski nyingine isiyo ya seva hiyo. Ajaribu pia kurejesha angalau mgeni mmoja kutoka kwenye nakala hizo. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni tumaini tu. Kisha aandike kerneli inayoendesha sasa, ambayo amri ya uname -r itamwonyesha, na ahakikishe haifutwi. Aangalie pia nafasi kwenye /boot. Hapa ndipo inapotoka hitilafu ya kwanza kwa wingi. Kila kerneli mpya huja na faili lake la initramfs, ambalo ndilo linaloisaidia kerneli kuzipata diski wakati wa kuwaka, na kila moja lina makumi ya megabaiti. Sehemu ya /boot ikiwa ndogo na kerneli za zamani zimerundikana, faili hilo linaandikwa nusu au haliandikwi kabisa. Onyo hupita kwenye skrini katikati ya maandishi mengine. Seva ikiwashwa upya inasimama kwenye mstari usemao "VFS: Unable to mount root fs", na anayeusoma anadhani diski imekufa. Diski ni nzima, ila kerneli imekosa wa kuionyesha ilipo. Tiba yake ni kuwaka kwa kerneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, kuondoa zile za kale kwa apt autoremove --purge, kisha kutengeneza upya mafaili hayo kwa update-initramfs -u -k all na kumalizia na update-grub. Kazi ya dakika kumi, mradi kuna mtu wa kuichagua kerneli ya zamani kwenye menyu.

Kuna mtego mwingine wa seva zenye ruta ndani yake, kama hii yetu ya mfano. Fundi wa Dodoma anaingia kwenye mwenyeji kupitia intaneti ya kituo. Intaneti hiyo inapita kwenye ruta. Ruta ni mgeni wa mwenyeji yuleyule anayetaka kumzima. Mwenyeji akizima, fundi amejifungia nje, na kama wageni hawakupangwa kuwaka wenyewe, hata mwenyeji akiwaka vizuri fundi hatajua. Kwa mahali pa mbali naona mpangilio huu haufai. Ruta ndogo ya kujitegemea inaondoa tatizo lote. Isipowezekana, iwepo njia ya pili, yaani modemu ya laini ya simu iliyochomekwa kwenye mlango wa usimamizi wa seva, ule unaoitwa iDRAC kwenye mashine za Dell na iLO kwenye za HP. Mlango huo una kompyuta yake ndogo isiyotegemea kerneli ya mwenyeji, na kama leseni yake inaruhusu, fundi ataiona skrini ya seva tangu inapoanza kuwaka. Nimeona ofisi zimenunua seva zenye mlango huo na hazijawahi kuuchomeka waya.

Sasa njia ya kurudi yenyewe. Kwa kawaida seva ikisasishwa, kerneli mpya huwa ndiyo chaguo la kwanza kila inapowaka. Kwa seva ya mbali tugeuze mpango huo: kerneli ya zamani ibaki kuwa chaguo la kudumu, na mpya ipewe nafasi mara moja tu. Kwenye GRUB hilo hufanyika kwa kuweka GRUB_DEFAULT=saved, kuisajili ya zamani kwa grub-set-default, kisha kuiita mpya kwa grub-reboot. Kwenye Proxmox ni amri ya proxmox-boot-tool kernel pin yenye nyongeza ya --next-boot, ila huko chaguo hilo la mara moja hufutwa na mfumo wenyewe ukishawaka, kwa hiyo kerneli mpya ikikwama mapema haliondoki. Seva ikiwaka na mpya, ikaenda vizuri, fundi anaithibitisha baadaye. Isipokwenda vizuri, kwenye GRUB kuizima na kuiwasha tu kunairudisha kwenye ya zamani, na kitufe cha umeme hata karani anakijua.

Kuna mawili ya kuongeza ili hata kitufe kisihitajike. La kwanza ni kuandika panic=10 kwenye vigezo vya kerneli. Kerneli ikianguka itajiwasha upya baada ya sekunde 10, na kwenye Debian kigezo hicho huifanya hata initramfs iliyokwama ijiwashe upya badala ya kusimama ikingoja mtu aandike kitu. La pili ni hati fupi inayosubiri dakika 15 baada ya seva kuwaka, inaupigia ping mtandao, inajiondoa, na isipopata jibu inawasha seva upya mara moja tu. Kukiwa na hitilafu ya mtandao iliyoletwa na kerneli mpya, seva itarudi yenyewe kwenye ya zamani wakati fundi bado anajiuliza kilichotokea. Onyo moja hapa: GRUB haiwezi kuandika kumbukumbu yake kwenye LVM wala kwenye diski za RAID za programu. Ikiwa /boot iko huko, ile "mara moja tu" inageuka kuwa kila mara, na njia ya kurudi imeziba. Ijaribiwe mezani, siku ambayo fundi yupo na seva iko mbele yake.

Hiyo hati ya mtandao inatokana na hitilafu ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowatesa zaidi wanaofanya kazi kwa mbali. Seva imewaka salama. Diski nzima, wageni wamewaka, taa zinapepesa. Lakini haiongei na mtu. Majina ya kadi za mtandao kwenye Linux ya leo hutokana na mahali kadi ilipo kwenye bodi na jinsi kerneli inavyoielewa. Kerneli mpya ikiielewa kadi kwa undani zaidi, jina linaweza kuongezeka herufi: iliyokuwa enp5s0f0 inakuwa enp5s0f0np0. Daraja la mtandao linalowaunganisha wageni na waya limeandikiwa jina la zamani. Kadi hiyo haipo tena kwa jina hilo, daraja linaning'inia hewani, na wageni wote wanne wako hai ndani ya seva isiyo na mlango. Aliyefika kwenye skrini ataandika ip link, ataliona jina jipya, atalisahihisha kwenye /etc/network/interfaces na kuendesha ifreload -a. Aliye mbali hana skrini. Kinga ni kulifunga jina mapema kwa anwani ya MAC ya kadi, kwa faili dogo la .link ndani ya /etc/systemd/network. Faili hilo lina mistari minne, na seva yoyote iliyo mbali na fundi wake ingepaswa kuwa nalo tangu siku ya kwanza.

Hitilafu nyingine ni ya wageni kugoma wakati mwenyeji yuko salama na mtandao upo. Ujumbe unasema KVM haipatikani. Kabla ya kuilaumu kerneli, tazama kama faili /dev/kvm lipo. Kama halipo, soma dmesg uone prosesa inasema nini juu ya uwezo wake wa kuendesha mashine pepe. Uwezo huo huwashwa kwenye BIOS, na kwenye baadhi ya mashine mipangilio ya BIOS hutunzwa na betri ndogo ya duara, CR2032, iliyo kwenye bodi. Betri ikichoka, mipangilio hudumu kwa sababu seva haijawahi kukosa umeme kabisa. Siku ya kusasisha, seva inachelewa kuwaka, mtu wa kituoni anaambiwa aichomoe na kuichomeka tena, na BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Uwezo wa mashine pepe umezimwa. Saa imerudi nyuma miaka mingi, kwa hiyo hata vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Kerneli haina hatia hata kidogo. Fundi anaweza kupoteza siku nzima akiirudisha ya zamani na kuiweka mpya, huku dawa ikiuzwa kwenye duka la saa.

Kisa hicho kina jambo kubwa ambalo sikulikuta kwenye vitabu nilivyosomea. Kusasisha kerneli kwa kawaida ndiyo mara ya kwanza seva kuwashwa upya baada ya miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kila kilichoharibika kimyakimya katika muda huo kitajitokeza asubuhi hiyohiyo: diski iliyochoka inayoshindwa kuanza kuzunguka, mstari wa fstab wa diski ya nje iliyokwisha kuondolewa, mpangilio wa mtandao ambao mtu aliubadilisha bila kuuhifadhi, feni iliyokwama kwa vumbi. Vyote vitaandikwa jina la kerneli mpya. Njia ya kuvitenganisha ni rahisi. Siku moja au mbili kabla ya kusasisha, iwashe seva upya kwa kerneli ileile ya zamani. Kitakachoharibika hapo kilikuwa kimeharibika tayari. Wasimamizi wa vituo hulalamikia kuzimwa mara mbili, na malalamiko yao ni ya haki, lakini ningeomba ruhusa hiyo kwa nguvu zote. Dakika kumi za usiku wa Jumanne ni afadhali kuliko kubuni sababu isiyokuwepo asubuhi ya Alhamisi wakati foleni imefika mlangoni.

Ofisi nyingine hazina Proxmox. Zina kompyuta ya kawaida ya mezani yenye Ubuntu na VirtualBox juu yake, na mgeni mmoja au wawili. Huko moduli ya VirtualBox hujengwa upya kwa kila kerneli, na ikikosa mafaili ya vichwa ya kerneli hiyo, haijengeki na mgeni hawaki. Kuanzia kerneli 6.12 kuna jingine: KVM hushika uwezo wa mashine pepe mara tu moduli yake inapopakiwa, na VirtualBox inaweza kukataliwa kwa ujumbe wa VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Kigezo cha kvm.enable_virt_at_load=0 kinamaliza ugomvi huo.

Baada ya hitilafu yoyote, seva ikisharudi, usiiache ilale bila kuihoji. Amri ya journalctl -k -b -1 huleta maneno ya kerneli ya uwashaji uliotangulia, yaani ule ulioshindikana, mradi ulifika mpaka kwenye diski na kumbukumbu zinahifadhiwa humo ndani ya /var/log/journal. Saraka hiyo iwepo kabla ya siku ya kazi. Fundi anayerudi kwenye kerneli ya zamani na kuishia hapo amejiahirishia tatizo mpaka sasisho lijalo, maana kerneli inayokuja nyuma yake huenda ikawa na mabadiliko yaleyale.

Nimalizie na watu waliopo pale. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja la CrowdStrike, programu ya ulinzi inayofanya kazi ndani ya kerneli ya Windows, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani kwa hesabu ya Microsoft. Kulifuta faili hilo kulichukua dakika chache. Kilichochukua siku ni kuifikia kila mashine, kwa sababu kompyuta isiyowaka haipokei amri kutoka mbali, inahitaji mkono wa mtu aliyesimama mbele yake. Makampuni yenye maelfu ya wahandisi yalijikuta yakiwaelekeza wafanyakazi wa kawaida kwa simu. Vituo vyetu vya vijijini vinaishi hivyo mwaka mzima, na vingeweza kuwa vimejiandaa kuliko wote.

Kujiandaa kunaanza na karatasi moja, kwa Kiswahili, iliyobandikwa ukutani karibu na seva. Kwenye seva nyingi nilizozifikia, maelekezo kama yapo yameandikwa kwa Kiingereza cha mafundi, na anayeyahitaji saa nane za usiku ni nesi wa zamu. Karatasi iseme kitufe cha kuwasha ni kipi, kwa picha. Iseme kwamba menyu itakayotokea ina mistari kadhaa, achague wa pili kwa mshale, abonyeze Enter, kisha achague kerneli yenye namba hii, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kubadilishwa kila baada ya sasisho. Iseme asichomoe waya wa umeme mpaka ampigie fundi. Iseme apige picha ya skrini kwa simu na kuituma WhatsApp. Picha ya mistari ya mwisho ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Nayo simu yenyewe ina adabu yake. Fundi anayepokea kwa kufoka, "Nani kagusa?", hatatumiwa picha tena. Anayesema, "Pole na kazi, sista, nisomee mstari wa mwisho taratibu," atasomewa mpaka nukta.

Karatasi hiyo ijaribiwe. Fundi akiwa Mungaa, na siku zipo anapokuwepo, amwombe karani na nesi wairudishe seva kwenye kerneli ya zamani wenyewe, yeye amekaa nje ya chumba asiseme neno. Watakapokwama ndipo karatasi inapohitaji kuandikwa upya. Mapokezi nao wawe na fomu za karatasi za siku hiyo, zilizohesabiwa na kuwekwa kwenye droo inayojulikana, ili mtoto mwenye homa asingojeshwe mpaka seva iwake.

Wewe unayesimamia seva ya hospitali, shule au halmashauri iliyo mbali nawe, kabla hujabonyeza sasisho la mwezi huu piga simu pale ilipo seva. Muulize aliye zamu kama anajua ilipo karatasi, kama anakijua kitufe, na kama namba iliyoandikwa juu yake ni yako ya sasa. Akijibu hapana kwa lolote kati ya hayo, ahirisha sasisho, panda basi, nenda ukaandike.